Bweni linamfundisha mtoto kuishi na watu. Kuishi na pesa, je?

Fundi Vioo

Wakuu, salaam kutoka makao makuu ya nchi. Umeme umekatika tangu saa nne, mashine zimelala, vijana wamejinyoosha kivulini. Ngoja nitoe dukuduku.

Nina karakana ndogo ya alumini na vioo huku Ilazo. Tangu Serikali ihamie Dodoma ujenzi hausimami, madirisha yanatakiwa kila kona, na vijana wa kutafuta kazi wanakuja wenyewe mpaka getini. Wengi wamemaliza kidato cha nne au cha sita, ufundi hawana, nawafundisha mimi. Siku hizi hata cheti siulizi kwanza. Nauliza: ulisoma bweni au kutwa?

Wa bweni namjua hata asiponiambia. Saa moja kasoro kashafika. Kafagia, kapanga profaili kwa urefu wake, vumbi kalimwagia maji. Ukimwambia asafishe mashine ya kukatia, ataisafisha mpaka kwenye skrubu. Akizozana na mwenzake asubuhi, mchana wanamega ugali sahani moja na yameisha. Kwenye saiti za mbali, kule Nala au Mtumba ambako tunalala kwenye pagale siku mbili tatu, sina mtu bora kuliko yeye.

Sasa mpe kazi aimalize. Atakaa juu ya ndoo anasubiri umwambie nyingine. Mteja akiingia, yeye anamtazama tu kama mwanafunzi anavyomtazama mgeni wa mkuu wa shule. Hataji bei, hashiki futi. Yule wa kutwa, hasa aliyekua akiuza karanga za mama yake Sabasaba, anachelewa, ana visingizio vya kila rangi, lakini mteja wake hatoki bila kuacha advansi.

Aliyenifanya niandike leo ni mpwa wangu. Mtoto wa dada, bweni miaka sita mfululizo, matokeo mazuri, nidhamu safi kabisa. Wakati anasubiri chuo nikamwita afanye kazi, nikamtafutia chumba Nkuhungu, kodi ya miezi mitatu nikalipa, dalali nikamalizana naye. Mshahara wa kwanza nikampa mkononi kama wenzake. Kanunua spika, kanunua raba, wikiendi kawaalika jamaa zake wa shule wamekula kuku. Katikati ya mwezi ananipigia usiku: "Mjomba shikamoo, umeme umezima, sijui natakiwa kuripoti kwa nani." Namuuliza, LUKU umenunua? Kimya. Alijua LUKU ipo, hakujua kwamba mnunuzi ni yeye. Nilipokwenda kumtazama nikakuta sufuria ya wali imejaa mpaka mfuniko hauzibi. Kapika kilo nzima, peke yake, nusu umechacha. Miaka sita anapakuliwa bwaloni, atajuaje kilo ya mchele inatoa sahani ngapi?

Hoja yangu ni hii. Bweni linafundisha kuishi na watu na kuishi na kengele, na hapo sibishani na mtu. Lakini pesa, na muda usio na kengele, hayo hayafundishwi kabisa. Na mtu mzima ndiyo yanayomsumbua kila siku. Karibuni mnikosoe, ila matusi kaeni nayo huko huko.

Nyota ya Njia Panda

Nimekaa paleee, kwenye siti ya dirishani. Leteni karanga.

Matroni Mstaafu

Mwanangu Fundi, umeandika vizuri ila umetazama upande wa mshahara tu. Mimi nimelea wasichana wa bweni kanda hii hii ya kati mpaka nilipostaafu. Ngoja nikwambie ninachokijua mimi ambacho hakionekani getini kwako.

Binti wa kidato cha kwanza anashushwa na tranka, ndoo mbili zimeandikwa jina kwa rangi ya mafuta, na godoro limefungwa kamba. Baba anaondoka haraka ili asionekane analia. Wiki ya kwanza mtoto huyu hajui kufua shuka. Analiloweka lote kwenye ndoo moja ya maji, sabuni anamimina nusu pakiti, halafu maji ya kusuuzia hana. Na unajua maji ya kwetu huku. Kiangazi bomba linatoka usiku wa manane, mnapanga foleni ya ndoo tangu jioni. Dada mkubwa wa kidato cha tatu ndiye anayemfundisha: fua vipande vipande, anza na nyeupe, maji ya kusuuzia nyeupe ndiyo ya kufulia soksi, ya soksi ndiyo ya kudekia. Ndani ya muhula mmoja binti anaoga kwa nusu ndoo na anabakiza ya kunawa uso asubuhi. Unaniambia hajui bajeti? Bajeti ya maji anayo kichwani.

La pili, na hili ndilo kubwa kwangu. Nyumbani mtoto akiumwa mama anamwona usoni. Bwenini hakuna wa kumwona. Lazima ainuke kitandani, aje agonge mlango wangu saa nane usiku, aseme: mama, tumbo linaniuma, limeanza jana, upande huu. Wengine iliwachukua mwaka mzima kuweza. Kuna waliovunja ungo pale pale shuleni, hakuna shangazi wala bibi, wakaja kuniambia mimi, mtu baki. Mtoto akishaweza kumwambia mtu baki shida yake bila kulia na bila kudanganya, ataweza kukaa mbele ya daktari, mbele ya bosi, na mbele ya polisi pia.

Mpwa wako alikupigia usiku kuuliza aripoti kwa nani. Wewe umecheka. Mimi nimeona kijana aliyefundishwa kwamba kukwama si aibu.

Fundi Vioo

Shikamoo mama. Hapo kwenye kuripoti umenishika pabaya. Ila mama, ya maji yalifundishwa na shida yenyewe. Pesa anapewa na mzazi, ikiisha anaandika barua, siku hizi anaazima simu ya patroni. Hajawahi kuamka akakuta hakuna kitu na hakuna wa kumwomba.

Binti wa Geto

Aliyewahi kuamka akakuta hakuna kitu ni mimi hapa, tena nikiwa na miaka kumi na minne.

Mnaongea bweni na kutwa kana kwamba kutwa maana yake ni kulala kwa mama. Nimesoma shule ya kata wilaya ya Chamwino. Zile shule zilizojengwa kwa wingi kuanzia mpango wa 2004 zilitusaidia sana, kabla yake sekondari ilikuwa ya watoto wachache. Lakini kata za kwetu ni kubwa, vijiji vimetawanyika, kwenda na kurudi kwa miguu hutoboi. Kwa hiyo wazazi wanachangishana, mnapangishiwa chumba karibu na shule. Sisi tulikuwa wasichana watatu, kitanda kimoja, jiko la mafiga nje. Geto. Jumapili unarudi na unga wa uwele na mlenda mkavu kwenye mfuko, ndiyo chakula cha wiki.

Nilijua bajeti kabla ya kujua aljebra. Mafuta ya taa ya kusomea au chumvi? Tukila mara mbili unga unafika Ijumaa, tukila mara tatu unaishia Jumatano. Kodi mwenye nyumba anaidai kwetu, siyo kwa baba. Kununua, kukopa, kulipa, kumkwepa mwenye duka, yote hayo nayajua. Leo nina genge langu na wakala wa pesa mtandaoni Chang'ombe na sijawahi kulala na deni nisilolijua.

Lakini msije mkaniambia basi geto ndiyo shule ya maisha. Tulianza watatu, nilimaliza mimi. Mmoja alipata ujauzito kidato cha pili. Bodaboda aliyekuwa anatuletea maji ndiye huyo huyo aliyekuwa anatuletea chipsi. Hapakuwa na mlango wa matroni wa kugonga saa nane usiku. Mwingine aliacha tu, njaa. Nikisikia mtu analalamika kwamba mwanawe wa bweni hajui kununua LUKU, nasema mwacheni, atafundishwa jioni moja. Rafiki yangu hakuna wa kumrudisha kidato cha pili.

Nyota ya Njia Panda

Uzi umebadilika ghafla. Pole sana dada.

Mhamishwa wa 2017

Naunga mkono hoja ya Matroni, nampinga Fundi kidogo.

Mimi mtumishi wa umma. Nilihamia Dodoma 2017 na wizara, mke na watoto nikawaacha Dar. Waliokuwepo wanakumbuka hali: vyumba hakuna, kilichopo bei imepandishwa wiki ile ile, dalali anakuonyesha nyumba moja watu watano. Nilipokelewa Kikuyu na jamaa ambaye kidato cha tano na sita mimi nililala dabo deka ya juu, yeye ya chini. Hatukuwa tumeonana miaka mingi. Hakuniuliza nakaa mpaka lini. Na hao wenzetu wa kombi moja ndio waliotafutiana viwanja, wakadhaminiana kwenye saccos, wakazikiana wazazi. Kundi letu la WhatsApp lina daktari, lina dereva wa malori, lina diwani mmoja.

Hapa kuna jambo la mfumo wetu ambalo tunalichukulia poa. Serikali inampanga mtoto wa Kagera kidato cha tano Dodoma, wa Mtwara inampeleka Singida. Karibu shule zote za serikali za kidato cha tano na sita ni bweni kwa sababu hiyo hiyo. Kijana wa Kigogo kutoka Mvumi analala na Mhaya juu yake na Mmakonde pembeni, wanaibiana sabuni, wanateteana kwa mwalimu wa zamu. Ofisini hilo linaonekana. Aliyepita huko akipewa mwenzake wa meza moja asiyempenda, anafanya naye kazi. Hahitaji kumpenda.

Ukasema kijana anakaa juu ya ndoo anasubiri. Fundi, ulishawahi kumwambia kwamba anaruhusiwa kuongea na mteja? Kwa sababu alikotoka, kuongea na mgeni bila ruhusa ya mwalimu ni kosa. Mwambie mara moja, uone.

Fundi Vioo

Mkuu, nilimwambia. Siku ya pili mteja kaja kuulizia dirisha la futi tano kwa nne, kijana kamsikiliza vizuri, kaandika kwenye daftari kwa mwandiko mzuri ajabu, halafu kamwambia: "Subiri mkubwa aje." Mteja akaondoka. Bei alikuwa anaijua! Nilimuuliza kwa nini hukutaja, akasema aliogopa akikosea nitamwadhibu.

Kiboko cha Mpwapwa

Vijana wa siku hizi ni mayai tu, wa bweni na wa kutwa. Sisi tulichapwa tukanyooka. Rudisheni fimbo mashuleni muone kama kuna mtu atashindwa kununua umeme. Na kama haitoshi kuna Jeshi la Kujenga Taifa, JKT Makutupora pale, wapelekwe wote.

Chaki na Vumbi

Kiboko, fimbo haijaondoka, sijui unarudisha nini. Mimi ni mwalimu kazini. Kanuni za 2002 zinasema viboko visizidi vinne, anachapa mkuu wa shule au mwalimu aliyeruhusiwa naye kwa maandishi, na vinaandikwa kwenye kitabu. Wangapi wanazifuata, jibu unalo. JKT nayo kwa wahitimu wa kidato cha sita ilirejeshwa 2013 baada ya kusimama tangu 1994, na hao vijana wanaomshangaza Fundi wengine wametoka huko huko.

Tena jibu lako liko kwenye posti iliyo juu yako. Kijana anajua bei, kaogopa kukosea. Hilo limetengenezwa na nani kama si fimbo?

Niseme la ndani kidogo. Bweni la watoto mia nane lina walimu wachache wanaokaa eneo la shule, patroni mmoja au wawili, mlinzi, wapishi. Ili watoto wale waamke, wale, waoge, wasome prepu na walale bila kuchoma jengo, njia rahisi ni kengele na amri. Saa kumi na moja alfajiri kengele, usafi wa maeneo, mstarini, darasani, bwaloni, prepu, taa zizimwe. Hakuna dakika ambayo mtoto anaamua mwenyewe. Tunaita nidhamu. Nusu yake ni urahisi wetu sisi walimu, nakiri kwa niaba ya kada.

Lakini angalia nani anatoka na kitu. Viranja. Kiranja wa chakula anahesabu magunia na mzabuni, anajua mahindi yameingia mangapi, anabishana na mpishi kuhusu maharage yaliyobaki. Kaka mkuu anasuluhisha mgomo wa uji kabla haujafika ofisini. Kiranja wa bweni anapanga zamu za watu arobaini na wote wanamchukia. Hao ukiwaajiri, Fundi, hawakai juu ya ndoo. Tatizo ni kwamba viranja ni kumi na tano, na waliobaki wote kazi yao ni kutii.

Kwa wanaopenda tafiti: Wafaransa walifanya jambo la maana kwenye shule moja ya bweni iliyoko Sourdun, nje ya Paris, wakachapisha 2017. Waombaji walizidi nafasi, wakachaguliwa kwa bahati nasibu, kwa hiyo unalinganisha waliopata na waliokosa wakiwa watoto wa aina moja. Mwaka wa kwanza waliokwenda bweni hawakupanda darasani na hali yao ya moyo ilikuwa chini kuliko wenzao. Baada ya miaka miwili hisabati ilipanda, lakini hasa kwa wale waliokuwa vizuri tangu mwanzo. Mtu akikwambia bweni linambadilisha kila mtoto, muulize watoto gani.

Kiboko cha Mpwapwa

Umesema mengi mwalimu. Mimi bado nasema tulinyooka.

Bumu Limekata

Wakubwa shikamooni. Niko Chuo Kikuu cha Dodoma, UDOM, mwaka wa pili, naleta taarifa kutoka eneo la tukio.

Pesa ya kula na malazi kwa mwenye mkopo ni elfu kumi kwa siku, ilipandishwa kutoka elfu nane na mia tano mwaka 2022. Lakini haiji kwa siku. Inakuja ya siku sitini kwa mpigo. Ile siku inaingia, chuo kizima kinanukia nyama choma. Wiki ya kwanza kuku, ya pili chipsi mayai, ya tatu chipsi kavu, baada ya hapo tunapiga pasi ndefu: chai asubuhi, ugali jioni, katikati maji. Na kuna wanaoiweka nusu kwenye mkeka wa kubeti wa Jumamosi wakiamini wataizidisha.

Nilichokiona ni kwamba hapo hakuna bweni wala kutwa, tunaungua wote. Tofauti ni moja. Wa bweni wakiishiwa wanachanga. Wanne mnatoa mia tano mia tano, mnapata dona, dagaa na nyanya, mnapika chungu kimoja. Wa kutwa anaona aibu kusema ameishiwa, anajifungia chumbani au anakopa kwenye zile aplikesheni za mikopo ya riba ya kukomoa. Nimeshuhudia jamaa simu yake inapigiwa mpaka mama yake kijijini, anaambiwa mwanao mwizi.

Na ukimaliza chuo ukapata ajira, bodi ya mikopo inakata asilimia kumi na tano ya mshahara wa msingi. Kwa hiyo Fundi, mpwa wako akija huku mwambie mapema, hata huo anaokula kuku ni mkopo.

Mzee wa Shamba la Shule

Nimewasoma. Mimi nilikuwa sekondari miaka ya sabini, bweni, na ninaona mnazungumza juu ya kitu kilichokuwepo kikaondolewa.

Mwalimu Nyerere alitoa Elimu ya Kujitegemea Machi 1967, mwezi mmoja tu baada ya Azimio la Arusha. Alisema wazi kwamba shule iwe pia shamba, na wanafunzi washiriki kuamua, siyo kulimishwa. Sehemu nyingi walichukua jembe wakaacha kuamua, ikawa adhabu. Hilo ni kweli na wenzangu watalikumbuka. Lakini shule niliyosoma mimi ilipata mwalimu mmoja aliyeisoma vizuri. Tulikuwa na kuku, bustani ya mchicha na duka. Duka liliendeshwa na wanafunzi. Kila darasa kwa zamu. Unakabidhiwa sabuni, kalamu, dawa ya mswaki, mafuta ya kujipaka, na daftari lenye mistari miwili, iliyoingia na iliyotoka. Mwisho wa mwezi mnafungua sanduku mbele ya mkutano wa shule nzima. Upungufu ukionekana, darasa zima mnaeleza. Siku moja tulikuwa pungufu ya bei ya miche mitatu ya sabuni. Tulihesabu mpaka usiku, kumbe mwenzetu alimkopesha mpishi bila kuandika. Hakuchapwa mtu. Mpishi aliitwa, akalipa, na sisi tukajua daima kwamba kisichoandikwa kimepotea.

Siku hizi chakula ni mzabuni, duka ni la mtu wa nje aliyepewa tenda, kuku hakuna, shamba limekodishwa. Mtoto amebaki na kula na kusoma. Halafu mnamshangaa akipewa mshahara.

Chaki na Vumbi

Mzee wangu, shikamoo. Hilo la duka nitalipeleka kwenye kikao cha bodi ya shule. Watasema usalama wa fedha, lakini nitalipeleka.

Mama wa Nzuguni

Jamani samahani naingilia. Nina swali la kweli siyo la ubishi. Wa kwanza wangu amechaguliwa kidato cha kwanza bweni, Singida. Mdogo wake yuko darasa la tatu na baba yao anataka naye apelekwe bweni, eti azoee mapema asije kuwa wa kununuliwa umeme na mjomba (amesoma huu uzi). Naombeni ushauri, moyo wangu haupo.

Chaki na Vumbi

Wa darasa la tatu jibu ni rahisi, mama. Kamishna wa Elimu alitoa waraka mwaka 2023, bweni kwa awali mpaka darasa la nne limezuiwa, labda shule iwe na kibali maalumu. Mwambie baba yao asome waraka. Mtoto wa miaka minane hajifunzi kujitegemea bwenini, anajifunza kunyamaza.

Matroni Mstaafu

Nakazia hapo kwa mwalimu. Niliwahi kupokea waliotoka bweni za msingi. Wanatandika kitanda vizuri kuliko wote. Ukiwauliza unajisikiaje, wanakwambia "vizuri" hata wana homa.

Wa kidato cha kwanza mpeleke, mama, usiogope. Ila nakuomba mambo mawili matatu. Kabla hajaenda, afue shuka lake mwenyewe mbele yako, kwa ndoo moja. Mpe pesa ya muhula kwa mkupuo aiweke kwa patroni au matroni, na uwaambie kabisa ikiisha haiongezwi, labda nauli na dawa. Atalia mara moja. Na mwambie nani wa kumwendea akiguswa au akitishwa, mtaje kwa cheo chake, matroni, mwalimu wa malezi, mkuu, na kama wote hao wamenyamaza, akuambie wewe na hutamgombeza.

Binti wa Geto

Na likizo msimfanye mgeni. Wa bweni akirudi anachinjiwa kuku, anaangalia tamthilia mwezi mzima, hakuna anayemtuma gengeni, eti amechoka na shule. Hapo ndipo pesa inafundishwa. Mama, likizo ya kwanza mkabidhi matumizi ya nyumba ya wiki moja taslimu. Umeme anunue yeye, mboga yeye, unga yeye. Ikiisha Alhamisi, mle mlenda mpaka Jumapili. Hakuna atakayekufa.

Mama wa Nzuguni

Hapo nimeelewa. Baba yao ndiye atakayelalamika na mlenda.

Mhamishwa wa 2017

Hahaha, mpe na yeye zamu ya wiki.

Fundi Vioo

Wakuu, umeme umerudi, nijibu kwa haraka.

Nimewasikia kuhusu kuogopa kukosea. Kuanzia Jumatatu mpwa anashika daftari la duka dogo la mbele, la silikoni, skrubu, raba za madirisha na vitasa. Kilichoingia, kilichotoka, kama alivyosema Mzee. Bei anapanga yeye ndani ya kiwango nilichompa, na akiuza kwa hasara siku za mwanzo hasara ni yangu. Baada ya hapo tunagawana. Mshahara nimemwambia nitamlipa kwa wiki kwanza, nikiona anavuka Jumatano tunahamia wiki mbili, halafu mwezi. Dada kaniambia namdhalilisha mwanawe msomi. Nimemjibu bodi ya mikopo itamlipa kwa siku sitini, heri adhalilike kwangu.

Ila hoja yangu siifuti yote. Mzazi analipa, serikali inalipa, kijana anakaa bwenini miaka sita, halafu LUKU anafundishwa na fundi wa vioo. Mwalimu na Mzee wamesema kwa nini. Mwenye shule humu asome.

Kijana wa UDOM, ukiwa na pasi ndefu kali Jumamosi, njoo Ilazo. Kazi ya kubeba vioo ipo, inalipwa jioni ile ile.

Bumu Limekata

Mkuu nakuja na wenzangu watatu. Tulisoma bweni wote, tutachangia nauli.

Mama wa Nzuguni

Swali la mwisho naomba msinicheke. Fomu ya kujiunga imeandika tranka, ndoo mbili, kwanja, jembe lenye mpini, rimu ya karatasi, godoro la futi mbili na nusu kwa sita. Nimezunguka Majengo, godoro nimepata, kwanja nimepata. Tranka wapi hawanipigi? Na kofuli la elfu mbili linatosha?

Matroni Mstaafu

Tranka nenda kwa mafundi bati wenyewe, usinunue la dukani, na ukague bawaba kabla hujalipa. Kofuli la elfu mbili usinunue kabisa, mwanangu. Lile linafunguka kwa mpini wa kijiko, na bwenini vijiko ni vingi.